Wasomaji Wanauliza: Webley ya 1917 Inayong'aa Kupita Kiasi

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusanya vifaa vya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kibali cha kumiliki silaha za aina hii ninacho. Nimeonyeshwa bastola ya Webley Mark VI yenye mwaka 1917 uliogongwa kwenye fremu. Inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana, na muuzaji anasema "imeboreshwa" ili itumie risasi za .45 ACP, ambazo ni rahisi kupatikana kuliko zile za .455 za asili. Bei yake imezidi ya nyingine niliyoiona, ambayo rangi imechakaa. Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Ndugu msomaji, mambo mawili ambayo muuzaji anayataja kama sifa, yaani mng'ao na huko "kuboreshwa", ndiyo hasa yanayoishusha thamani bastola hiyo, na la pili lina hatari pia.

Tuanze na silinda, yaani kile kipande kinachozunguka na kubeba risasi. Mark VI ilipokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, chemba zake sita (matundu ya silinda yanayowekwa risasi) zikiwa zimetengenezwa kwa risasi za .455, ambazo ganda lake lina ukingo mwembamba uliojitokeza kwenye kitako. Risasi ya .45 ACP ilibuniwa kwa bastola za kujipakia na haina ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo hupachikwa kwenye vibanio vya bati vyenye umbo la nusu mwezi, na ili vibanio hivyo vipate nafasi, mafundi walikereza uso wa nyuma wa silinda. Hayo yalifanyika sana Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bastola hizi zilipouzwa kama mabaki ya jeshi huku risasi zake zikiwa adimu. Chuma kilichokerezwa hakirudi. Isitoshe, risasi za kawaida za .45 ACP hutoa shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Webley iliundwa kulihimili, na bastola kuwahi kufyatua nyingi bila kupasuka si ushahidi wa usalama, kwani chuma huchoka bila kuonekana. Kagua kuta nyembamba kati ya chemba kwa kioo cha kukuzia, ukitafuta nyufa.

Huenda umefikiria kutafuta silinda nyingine ya asili. Inawezekana, lakini namba yake haitalingana na ile iliyogongwa kwenye fremu na mtutu, na fundi atalazimika kuirekebisha ili kila chemba isimame sawasawa nyuma ya mtutu.

Kuhusu mng'ao, tazama maandishi na alama za ukaguzi. Zikiwa zimefifia, kingo za fremu zikawa za mviringo, na midomo ya matundu ya skrubu ikabonyea kama visahani, bastola imesuguliwa kwa mashine kisha ikatiwa weusi upya. Mimi binafsi ningeichagua ile iliyochakaa, maana uchakavu wa mkono wa askari na wa ala ya ngozi ni sehemu ya historia yake, ilhali msasa huifuta.

Ukaguzi wa mitambo usiuruke, hata kama hutafyatua risasi kamwe. Kwanza ifungue mwenyewe na uhakikishe ni tupu. Ikiwa imefungwa, shika mtutu na ujaribu kuutikisa: Webley hukunjuka kwa bawaba iliyo chini, na bawaba au komeo likilika, mtutu hucheza. Kisha, kwa ruhusa ya mwenye mali, vuta nyundo polepole kwa kila chemba. Silinda inapaswa kuwa imejifunga mahali pake nyundo inapofika mwisho. Mulika ndani ya mtutu. Vidoa vichache vya kutu ya zamani vinavumilika, lakini kivuli cha pete kinachozunguka ukuta wa ndani ni dalili ya uvimbe, yaani risasi iliwahi kukwama na nyingine ikaifuata.

Ukiona mishale miwili mipana iliyogongwa ikielekezeana ncha, usishtuke. Ni alama ya jeshi la Uingereza ya kuonyesha kwamba silaha iliuzwa nje ya utumishi, nayo haipunguzi kitu.

Hakikisha pia kibali chako kinaitaja aina hii, wala usidhani umri wake unatosha kuihesabu ya kale. Sheria ya shirikisho ya Marekani, kwa mfano, huhesabu kuwa za kale bunduki na bastola zilizotengenezwa hadi mwisho wa 1898, na hii ya 1917 haimo.

Ikiwa bado unaitaka, itolee bei iliyo chini ya ile iliyochakaa, uiweke kama ya maonyesho tu, na umwombe muuzaji aandike kwenye stakabadhi kwamba silinda imekerezwa.