Ditekta ya eksirei hainunuliwi kwa kuhesabu pikseli

Nilianza kazi ya kupiga eksirei enzi za filamu na chumba cha giza, na siku hizi wenzangu huniuliza wanunue ditekta gani, yaani lile bamba linalopokea mionzi badala ya filamu. Karibu wote huanza na pikseli. Siwalaumu, hata mimi niliwahi kupigia debe ditekta moja kwa sababu tu pikseli zake zilikuwa ndogo kuliko za nyingine. Picha za viganja zilitoka safi ajabu. Za nyonga, hasa kwa wagonjwa wanene, zilijaa chenga mpaka tukawa tunaongeza mionzi.

Kosa lilikuwa kwenye tabaka lililo juu ya pikseli. Ditekta nyingi hugeuza mionzi kuwa mwanga kwanza, ndipo silikoni iliyo chini yake igeuze mwanga huo kuwa umeme. Yetu ilikuwa ya gadoliniamu, mfano wa unga ulioshindiliwa: ukilinenepesha tabaka lake ili linase mionzi zaidi, mwanga unatawanyika na picha inakosa ukali. Iodidi ya seziamu huoteshwa kama sindano nyembamba zilizosimama wima, na kila sindano huteremsha mwanga wake hadi chini. Tabaka linanenepa, ukali unabaki. (Kwenye eksirei za matiti utakutana pia na seleniamu, inayotoa umeme moja kwa moja bila kupitia mwanga.)

Kwa hiyo kwenye karatasi ya vipimo tafuta DQE, yaani kiasi cha taarifa iliyobebwa na mionzi kinachofika salama kwenye picha. Gadoliniamu mara nyingi huwa asilimia 30 hadi 40 hivi, seziamu hufika 60 na kupita. Muulize muuzaji ilipimwa kwa mionzi ya nguvu gani, maana namba hiyo hubadilika. Akikuonyesha picha ya kiganja, mwombe ya nyonga.

Kama ditekta yenu itazungushwa wodini, angalia pia iliyojengwa juu ya plastiki badala ya kioo. Niliwahi kuona ya kioo ikiteleza kutoka kitandani. Ilianguka mara moja tu, ikawa basi.

Jambo linalonikera zaidi linakuja baada ya kununua. Filamu ukiizidishia mionzi ilikuwa inakuwa nyeusi tii, kosa linaonekana na kila mtu. Dijitali husawazisha picha yenyewe, tena mionzi ikizidi chenga hupungua, kwa hiyo mkono wa mpigaji unazoea kuongeza kidogo kidogo bila mtu kushtuka. Soma DI inayotokea pembeni ya picha, yaani namba inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye ditekta imepishana kiasi gani na iliyolengwa. Sifuri ndiyo shabaha. +3 maana yake ditekta imepokea mionzi karibu mara mbili ya inayotakiwa. Sisi tulipoanza kuziandika kila wiki, tuliona aibu.

Kuhusu ditekta zinazohesabu fotoni (chembe za mionzi) moja moja: Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya CT (eksirei inayozunguka mwili na kuuonyesha vipande vipande) ya aina hiyo mwaka 2021, na ni hatua kubwa. Ila kwa eksirei ya kifua ya kila siku, usiahirishe ununuzi kwa ajili yake.