Nina HLA-DQ2, nimeshaacha ngano: je, nina siliaki?

Dada, kuwa na HLA-DQ2, ambayo ni aina ya jeni tu, si kuwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano) hufanya kinga ya mwili ishambulie utumbo. Ulaya peke yake, watu 30 hadi 40 kwa kila 100 wana DQ2 au jeni mwenzake, DQ8, na wengi wao hula mkate maisha yao yote bila shida. Jibu lenye uzito ni hasi: ukizikosa zote mbili, siliaki karibu haiwezekani.

Tatizo ni kwamba umeacha ngano kabla ya kupima damu. Kingamwili hushuka, kipimo kinatoka safi hata kama ugonjwa upo. Mwambie daktari, rudia slesi mbili za mkate kila siku kwa wiki 6 hadi 8, ndipo upime tTG-IgA (kingamwili ya siliaki) pamoja na IgA ya jumla (kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA); hiyo ya pili ikiwa chini, ya kwanza hudanganya.

Unyeti wa gluteni usio siliaki hauna kipimo cha jeni. Anayekuuzia anakula pesa yako tu.