Maswali ya Wasomaji: Tyubu ya lori inaweza kuziba kisima cha mafuta?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimebuni kizibo cha kisima cha mafuta kinachovuja chini ya maji, kama kile cha Ghuba ya Meksiko mwaka 2010. Ni nondo nene iliyovishwa tyubu ya lori. Unaichomeka kwenye bomba, unaijaza upepo kwa kompresa iliyo juu ya meli, tyubu inatuna na mafuta yanakoma. Ina kasoro gani?
Fundi, Igogo, Mwanza

JIBU: Fundi, wazo lako ni zuri kwa bomba la majitaka. Huko vizibo vya mpira vya kujazwa upepo vinatumika siku nyingi, maana presha ni ndogo. Kisimani kitashindwa, na kitaanza kushindwa kwenye kompresa.

Kila mita 10 za maji huongeza presha ya kilo 1 hivi kwa sentimita ya mraba. Ziwa Victoria, pale penye kina kirefu kabisa, lina mita 80 hivi, yaani kilo 8. Kompresa nyingi za vibanda vya pancha hukata kwenye kilo 8 hizohizo. Kwa hiyo hata hapa kwetu, ukiishusha tyubu hadi huko chini haitatuna: maji yataibana sawasawa na unavyoijaza. Kisima cha Macondo, ndicho hicho cha Ghuba ya Meksiko, kilikuwa chini ya mita 1,500 za maji. Hizo ni kilo 150, na ndiyo sababu vifaa vya huko huendeshwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya kimiminika kilichobanwa, si upepo.

Halafu kuna msukumo wa kisima chenyewe. Kilipofungwa Julai 2010, presha mdomoni ilipita kilo 460. Toa 150 za maji ya nje, zinabaki 310. Bomba la kipenyo cha sentimita 48 lina eneo la sentimita za mraba 1,810 hivi, kwa hiyo kizibo kinasukumwa kwa zaidi ya tani 550. Nondo yako itaruka kama kizibo cha soda. Na kabla haijaruka, mafuta, gesi na mchanga vitakuwa vimeshaichana tyubu wakati bado unahangaika kuichomeka.

Kilichofanikiwa kule ni kifuniko cha valvu kilichofungwa kwa bolti juu ya flanji (ukingo bapa wa mdomo wa bomba), kikiwa wazi. Mafuta yaliachwa yapite katikati hadi kifuniko kikakaa sawa, ndipo kikafungwa polepole Julai 15, watu wakikodolea macho geji. Wangekifunga kwa pupa, na bomba la chini ya ardhi liwe na ufa, mafuta yangetafuta njia kupitia miamba, na hapo huna pa kuweka kifuniko. Tope zito na saruji vilisukumwa kisimani Agosti, na Septemba kisima cha pili kilichochimbwa pembeni kikakimaliza.

Chukua somo hilo la njia ya katikati. Badala ya nondo, tumia bomba la inchi 1½ lenye valvu mwishoni. Livishe kipande cha tyubu ya bodaboda cha sentimita 30 kisicho na nozeli, kaza klempu mbili kila upande. Maji ya kutunishia yapite kwenye mrija mwembamba wa shaba, uingie kupitia tundu ulilotoboa kwenye bomba, kisha ulichomelee lisivuje. Nozeli ikibaki ubavuni itakwaruza ukuta na kuacha upenyo.

Jaribu kwenye bomba la inchi 4, maji yakitoka kwenye tangi lililo mita 10 juu. Msukumo utakuwa kilo 80 hivi. Mpira ukigusa ukuta kwa urefu wa sentimita 20, ukaubana kwa kilo 2 kwa sentimita ya mraba, na msuguano tukiuweka 0.3, unashikilia kilo 375. Pakaa ukuta oili, msuguano ushuke hadi 0.1, zinabaki 125. Bado zinazidi 80, lakini si kwa mbali, na presha ya tyubu ikipungua kizibo kitateleza, kwa hiyo kifunge mnyororo na usisimame mbele ya mdomo wa bomba. Mpira wa tyubu ukikaa kwenye mafuta huvimba na kulainika. Kwa kazi ya kudumu tafuta mpira wa aina ya oili sili.

SWALI: Kile kisima cha Ghuba ya Meksiko, kwa nini hawakukifunika tu kwa kuba zito?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Walijaribu, Mei 2010, kwa kuba la chuma la tani zipatazo 100. Maji ya chini yalikuwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Kwenye baridi na presha hiyo, gesi na maji hugandana kuwa chembe kama barafu. Ziliziba tundu la juu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, zikaanza kuliinua kuba lenyewe.

SWALI: Bomba la mafuta la kutoka Uganda litapita chini ya ziwa letu?
Mvuvi, Kirumba

JIBU: Hapana. Linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na linapita nchi kavu magharibi ya ziwa. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, hivyo bomba lazima lipashwe moto yasigande. Mafuta unayoyaona yakielea mwaloni mara nyingi ni ya injini za boti. Usiyamwagie sabuni: hayaondoki, yanasambaa tu ndani ya maji, huko huko waliko samaki.