Mchanga au mzee? Kwanza niambieni nani anashinda nyumbani

Mhariri, salamu. Wiki hii mmeuliza: "Ukienda kuchukua paka kwenye makao ya wanyama, utachagua mchanga au mzee?" Mimi ni wa wazee, na sina subira na watu wanaofika KSPCA, makao ya wanyama kule Karen, Nairobi, wakapita vizimba vyote bila kutua macho, wakaondoka na kitoto kwa sababu kimecheza na kamba za viatu. Kitoto kila mtu atakitaka. Aliyejikunja nyuma kabisa akageukia ukuta, nani atamtaka?

Wetu alikuwa wa namna hiyo. Jike la kijivu lenye mistari, miaka 11 kwa makadirio, mwenyewe amehama nchi akamwacha. Umri huo si wa kufa kesho. Paka anayeishi ndani hufika 15, na wapo wanaogonga 20. Alikuwa ameshafungwa uzazi na kuchanjwa, kwa hiyo hakukuwa na habari ya mashume kulia dirishani usiku, na mwenye nyumba wetu hapa South B akakosa la kusema.

Siku ya kwanza akaingia chini ya kitanda cha mama, nyuma ya masanduku, yakabaki macho tu. Mama, ambaye alihamia kwangu kutoka Mji wa Kale, Mombasa, goti lilipoanza kumsumbua, akanizuia nisimguse. "Mwache. Huyo ni bi harusi mgeni, hatolewi kwa kuvutwa." Tukamwekea kila kitu mle mle chumbani: maji, trei ya mchanga, omena waliochemshwa bila chumvi. Hofu yetu ilikuwa asile, maana paka akikaa siku mbili tatu bila chakula ini hujaa mafuta, na hapo ni hatari ya kweli. Alikula, ila usiku, sote tumelala.

Sasa nifike kwenye ndoo, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Maji ya South B huja yakitaka, kwa hiyo mama huweka ndoo yake ya udhu karibu na kitanda, kopo juu yake. Alfajiri moja niliingia kumwamsha nikakuta kopo liko sakafuni na paka amesimamia miguu ya nyuma, kichwa chote kimo ndooni, anakunywa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mzima, kutoka masikio mpaka mkia. Mama alikuwa ameamka zamani, amekaa kitandani na leso yake begani, hajisogezi. Nikashika ndoo nikamwage.

"Wewe! Weka chini hiyo."

Akanipa pale pale kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyewekewa maji ya kutawadha, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa, kisha akasema Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka-zunguka majumbani. Mimi nimesoma madrasa, kisa nakijua. Lakini kukijua ni kimoja, na kumwona mamako akichota maji yale yale akasukutua ni kingine. Paka hakukimbia. Alilamba ndevu, akakaa kando ya msala mpaka mama akatoa salamu.

Ikawa desturi yao, na mama akaanza kumwita Somo. Na ni mama aliyeniambia, "Huyu maji yamepita kiasi. Ndoo yangu naijua inavyopungua." Mimi ninayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ningejulia wapi? Daktari wa wanyama akapima damu: figo. Akaeleza kwamba paka mzee akifikia kunywa na kukojoa kiasi hicho, karibu theluthi mbili ya kazi ya figo imeshapotea, na hairudi. Kilichobaki ni kumtunza: chakula maalumu cha figo, cha majimaji, ambacho bei yake siitaji hapa kwa sababu mume wangu husoma jarida hili.

Nikiandika haya naona msimamo wangu unalegea. Somo hakunizoea mimi niliyemchagua. Alimzoea mtu anayeshinda mahali pamoja, hamwiti, hambebi, hamkodolei macho. Mimi mpaka leo nikivaa viatu anatoweka. Na nyumba nyingi ninazozijua Nairobi ni tupu toka alfajiri mpaka taarifa ya habari.

Kwa hiyo, nikilijibu swali lenu kama lilivyoulizwa: wengi wenu chukueni wachanga, tena wawili, wachezeane mkiwa kazini. Mzee mwenye haya mwachieni mstaafu, au anayefanyia kazi nyumbani, au mwenye mama kama wangu, mradi akiba ya daktari ipo. Kama sifa hizo mnazo, basi nimerudi pale pale, mchukueni mzee, ila ulizeni kwanza kama damu yake imepimwa.

Mama anasema niongeze kwamba maziwa msimpe, yatamharisha. Nimeongeza.