Maswali ya Wasomaji: Nimeunganishwa na Kristo, mbona najiona mbali?

SWALI: Bwana asifiwe. Ni muuguzi. Wiki nikisali kila asubuhi na kuhudhuria ibada, najiona mtoto wa Mungu kwelikweli. Zamu za usiku zikinikamata siku nne mfululizo, Biblia siifungui, najiona nimeshakatwa. Nimeirudia sala ya kuokoka zaidi ya mara kumi. Je, kila nikilegea nianze upya?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Amina, dada. Usianze upya. Umechanganya mambo mawili ambayo Maandiko yanayatenga: kuunganishwa na Kristo, na ushirika naye wa kila siku. La kwanza halipandi wala halishuki. La pili linapanda na kushuka, na ndilo linalotaka matunzo.

Soma Warumi 6:5, Paulo asemapo "mlivyounganika naye". Neno la Kigiriki alilotumia hapo ni la vitu vilivyoota pamoja vikawa kimoja. Anayebebesha miembe, yaani kupachika kijiti cha mwembe mmoja juu ya shina la mwingine, anaijua kazi hiyo. Unachukua mche wenye shina la unene wa penseli, unaukata kichwa na kulipasua shina kidogo. Kikonyo, yaani kile kijiti cha kupachika, cha sentimita 10 hadi 15 unakichonga kama kabari, unakipachika, unafunga kwa utepe wa nailoni. Mambo yakienda sawa, baada ya wiki tatu au nne kinachipua. Kikifa, mara nyingi ni kwa sababu ngozi za kijani za ndani hazikukutana, au utepe ulilegea kikakauka, au maji yaliingia kwenye jeraha. Makosa yote hayo ni ya mfungaji, maana kikonyo hakijifungi. Katika imani yako mfungaji ni Mungu, na mkono wake haulegei kwa sababu umelala hadi saa sita mchana baada ya zamu.

Mfano huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe una utamu. Shambani tunapachika kikonyo kizuri juu ya shina la porini, na embe linafuata kikonyo. Paulo katika Warumi 11:24 anasema sisi tulitolewa katika mzeituni mwitu tukapandikizwa katika ulio mwema, "kinyume cha asili". Wa mwitu ni sisi, na shina ndilo jema. Kwa hiyo ukitazama kwako ukaona bado kuna umwitu, usishtuke. Hukupachikwa kwa uzuri wako.

Ila mche uliobebeshwa una hatari moja inayoendelea: maotea yanayochipua chini ya kiungo, kwenye shina la zamani. Hayakati muungano, lakini yanakula chakula cha kikonyo, na yakiachwa muda mrefu kikonyo kinadhoofu. Dawa yake ni kuyakwanyua yangali machanga. Hapo ndipo mahali pa toba yako. Toba ya Mkristo ni kukwanyua maotea, kikonyo unakiacha pale pale kilipofungwa.

Kwanza pima: ulichonacho ni dhambi au ni uchovu? Watu wengi wanatubu uchovu na kuifukia dhambi. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alitaka kufa, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ukitoka zamu, basi, kula na ulale. Kama ni dhambi, itaje kwa jina lake mbele za Mungu. "Nimemjibu mgonjwa kwa dharau" ina uzito kuliko "nisamehe makosa yangu yote". Kisha shika 1 Yohana 1:9, ahadi ya msamaha kwa anayeziungama dhambi zake, na jambo likimhusu mtu, mwendee siku hiyo hiyo. Mara moja inatosha. Kuirudia toba ile ile mara kumi ni kumwambia Mungu kwamba hakusikia ya kwanza.

Halafu, siku isiyo na zamu, keti dakika kumi na Waefeso 1:3-14 na penseli. Pigia mstari kila "katika Kristo", "katika yeye", "katika huyo" na "katika Mpendwa". Penseli itasimama mara nyingi katika aya chache. Andika pembeni kitu gani kimewekwa humo: kuchaguliwa, ukombozi, msamaha, urithi, muhuri wa Roho. Chagua kimoja tu, kiandike kwenye karatasi ndogo, kiingie mfuko wa sare. Kwa wiki ya zamu za usiku hicho kinatosha, na usijitwishe sura tano. Ukikosa ibada ya Jumapili, tafuta kundi la maombi la katikati ya wiki, hata la watu watatu. Yesu aliposema "Kaeni ndani yangu" katika Yohana 15 alisema na wengi, na mzabibu hauna tawi moja.

SWALI: Jirani yangu Muislamu, mtu mwema tuliyekua pamoja, alinisikia nikisema mwamini "ni mshirika wa uungu". Alinyamaza, kisha akasema: "Hiyo si shirki?" Nilikosa jibu.
*Mwalimu wa skuli, Unguja*

JIBU: Jirani yako hakukosea kusikia. Ushirika, mshirika na shirki yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, na kwa sikio la Muislamu "mshirika wa Mungu" ni mtu aliyewekwa kando ya Mungu kama mwenziwe. Wewe ulikuwa unanukuu 2 Petro 1:4, "washirika wa tabia ya Uungu". Hapo Petro anazungumzia watu waliogawiwa kitu wasichokuwa nacho, na maana ameifungua mwenyewe katika aya hiyo hiyo: "mkiokolewa na uharibifu uliomo duniani kwa sababu ya tamaa". Ni utakatifu na uzima tunaopewa. Muumba anabaki Muumba, nasi tunabaki viumbe hata mbinguni.

Mwambie hivyo, kwa maneno machache. Ukipenda, ongeza mfano wa Paulo katika 1 Wakorintho 6:16-17, anapowaonya wanaoungana na kahaba: ananukuu neno la Mwanzo juu ya mume na mke kuwa mwili mmoja, na kuliweka karibu na "roho moja" na Bwana. Mume na mke wameungana, lakini mke hakugeuka mume. Usimfiche kwamba juu ya Yesu mwenyewe hamkubaliani. Hilo ni suala jingine, nalo lina siku yake.

Ila kuna mafundisho yanayompa jirani yako haki ya kushtuka. Wapo wahubiri wanaoshika Zaburi 82:6, "Ndinyi miungu", na kuwaambia waumini kwamba kila mmoja ni mungu mdogo. Someni aya inayofuata: "Lakini mtakufa kama wanadamu." Zaburi hiyo inawakemea waliohukumu kwa dhuluma. Anayeifanya cheo cha muumini ameisoma nusu, na anawaumiza watu, kwa sababu siku wakiugua wanadhani wameshindwa kuwa walivyoambiwa.

SWALI: Nabatizwa Pasaka. Bibi zetu walikuwa watu wa Mbweni, watumwa walioachiwa huru, na hadi leo wapo wanaotutupia neno kwamba sisi wazalia, yaani kizazi cha watumwa. Je, ubatizo unabadili ukoo? Na lazima nichukue jina jipya?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Ukoo haubadiliki, wala hauna haja ya kufichwa. Kilichobadilika ni nani mwenye neno la mwisho juu yako: "wewe si mtumwa tena bali u mwana; na kama u mwana, basi, u mrithi" (Wagalatia 4:7). Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, mjini Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali pale pale palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Miaka 17 baadaye, Cecil Majaliwa, aliyetoka miongoni mwa watoto waliookolewa utumwani, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyolijenga kanisa hilo. Wanaokutupia neno hilo wanakutajia watu wa namna hiyo.

Jina si lazima. Majaliwa lilibaki Majaliwa, na Apolo wa Matendo 18 alihudumu na jina lenye asili ya mungu wa Wayunani bila mtume yeyote kumkataza. Ukitaka la pili, chukua. Lakini mwambie mchungaji kabla hajaandika daftari la ubatizo, na peleka cheti chako cha kuzaliwa majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule. Wanaosahau hili hugundua siku ya kuandikisha ndoa, karatasi mbili zinapotaja watu wawili.