Kutoka Kigoma, ningeanza na Uvinza

Mwalimu, salaam. Umeuliza wapi jirani na Kigoma utawaonyesha wanafunzi mawe yaliyosimikwa na marundo ya makaburi ya kale. Kwa kweli nguzo hizo ziko mbali: Lothagam, Turkana, Kenya, wafugaji walizikana hapo miaka 5,000 hivi iliyopita. Marundo yapo Ngorongoro. Kwa nauli ya shule, sahau.

Mimi ningewapeleka Uvinza, hukohuko mkoani Kigoma. Mawe hakuna, ila chumvi ya maji ya chemchemi imechemshwa pale zaidi ya miaka elfu moja, na wanaakiolojia walichimba wakakuta vigae vya vyungu na mashimo yaliyokandikwa udongo. Peleka barua mapema kwenye kiwanda cha chumvi, maana chemchemi ziko eneo lao, na umwone mwenyekiti wa kijiji.

Nilipokwenda na vijana wangu, mmoja alitia mfukoni kigae chenye nakshi ya mistari ukingoni. Nilimrudisha akakiweke palepale, huku amenuna. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na kigae kikishahama hakimwambii mtu kitu. Wapige picha, wachore daftarini.

Nendeni asubuhi, na maji ya kunywa mbebe. Ya chemchemi mtayatema.