Kabla hamjamwaga pevingi kwenye kiwanja cha mtaa

SWALI: Sisi ni kamati ya mtaa, Ngamiani, Tanga. Tuna kiwanja cha wazi katikati ya nyumba, mita 30 kwa 20. Kimegeuka jaa, na masika maji hutuama. Tumechangishana ili pawe mahali pa kupumzikia. Fundi anashauri tumwage pevingi kiwanja kizima, tupande ashoki pembeni, tuzungushe ukuta na geti. Vitahitajika vitofali vingapi, na rangi ipi haipauki?

JIBU: Vile vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwenye mita ya mraba, kwa hiyo ni 30,000. Rangi zote hupauka. Haya, nimejibu, sasa nawaomba msinunue hata kimoja kabla hamjamaliza kusoma.

Swali hili naletewa kila mara, mitaa tofauti, fundi utadhani ni yule yule. Watu wameaminishwa kwamba kupendezesha mahali ni kupafunika. Kiwanja chenu kimekuwa jaa kwa sababu saa nane mchana hakikaliki, na pasipokaliwa hutupwa taka. Mkimwaga pevingi, vitofali vitashika joto mpaka usiku, na maji yaliyokuwa yakituama katikati yatatafuta vyumba vya majirani. Ashoki nao huenda juu kama mlingoti. Kivuli chake kinamtosha kuku.

Kasimameni pale baada ya swala ya alasiri. Muuza kahawa ameweka wapi dele lake? Nadhani mtamkuta ubavuni mwa ukuta wa mtu, kivuli kilipoangukia, na wacheza bao wamemfuata. Hapo ndipo pa kujenga baraza: kimo sentimita 45, upana wa kutosha watu wawili na bao katikati yao. Upande wake wa magharibi pandeni mikungu au miarobaini, maana jua linalofukuza watu ni la alasiri. Mkungu hutandaza matawi kama mkeka na hauogopi upepo wa chumvi. Mkwaju pia ni mzuri, ila huo mnawapandia wajukuu. Mashimo yawe tayari kabla ya masika, na mpange zamu ya kumwagilia kiangazi mbili za mwanzo.

Pevingi, kama roho haijatulia, zilazeni juu ya vijia ambavyo miguu ya watoto wa shule imekwisha vichora, ziiname sentimita 2 kwa kila mita kuelekea bondeni, pale maji yanapotuama. Bonde lenyewe msilifukie. Lioteshwe ukoka, maji yazame humo. Chini ya miti ukoka utawasumbua bure, mwageni changarawe.

Kinachoniudhi ni fundi anayefungua futi kabla hajauliza nani hupita hapo. Hulipwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo mti kwake ni mita iliyopotea. Niliwahi kuitwa kutazama bustani iliyomalizwa kwa mtindo huo: mwembe wa miaka mingi ulikatwa ili majani yasichafue vitofali. Waliobaki kuitumia ni mijusi.

Ukuta na geti ni wa ukoo huo huo. Mtaambiwa ni usalama. Lakini geti likishakuwapo huwa na kufuli, kufuli huwa na ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo Jumapili jioni yuko harusini Pangani.